Kiungo Kinachoamua: Kumtambua Nzi Mdogo kwa Picha

Mwaka 2003, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi, walitangaza kwamba nzi mgeni wa matunda ameingia Kenya. Alikuwa wa kundi la Bactrocera dorsalis, nzi wa Asia, na kabla ya hapo hakuna aliyeripoti kumwona Afrika bara. Haikuchukua muda akapatikana Tanzania, kisha nchi moja baada ya nyingine hadi Afrika Magharibi. Mwaka 2005 Drew, Tsuruta na White, baada ya kulinganisha vielelezo vya Afrika na vya Sri Lanka, walimtangaza kuwa spishi mpya na kumpa jina Bactrocera invadens. Kwa miaka 10 jina hilo likaandikwa kwenye vipeperushi vya wakulima, kwenye makaratasi ya karantini na kwenye ripoti za biashara ya maembe. Mwaka 2015 timu kubwa ya wataalamu, Mark Schutze akiwa mwandishi wa kwanza, ikahitimisha kwamba invadens hana upekee wowote: ni dorsalis yule yule ambaye Hendel alimweleza mwaka 1912.

Wote waliohusika na mjadala huo walikuwa na nzi wenyewe mezani. Walikuwa na hadubini, makusanyo ya makumbusho, vinasaba, na maabara za kupandisha nzi wa huku na wa kule waone kama watazaana. Hata hivyo ilichukua miaka 12 kufika kwenye jina. Leo mkulima wa Makueni au Muheza anampiga nzi picha kwa simu, anamtumia bwana shamba, na anategemea jibu kabla jua halijazama. Ana haki ya kulitegemea, kwa sababu nzi aliyeko shambani ndiye anayeamua aina ya chambo, wakati wa kuvuna na soko litakalokubali mzigo. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kwa ajili ya nzi hawa. Kwa hiyo inafaa kuuliza bila kuzunguka: picha inaweza kutuambia nini juu ya nzi mwenye urefu wa milimita chache, na inaishia wapi?

Ninavyoona mimi, picha haitoi jina. Picha inaonyesha kiungo, na kiungo ndicho kinachotoa jina. Picha ya kuvutia, yenye mwanga mzuri na macho mekundu yanayong'aa, inaweza isifae kwa lolote kama kiungo kinachoamua kimejificha chini ya tumbo. Picha hafifu ya bawa moja lililonyooshwa juu ya karatasi nyeusi inaweza kumaliza kazi nzima.

Tuanze na bawa, maana hapo ndipo picha ina nguvu zaidi. Nzi ni kundi kubwa lenye spishi zaidi ya 150,000 zilizokwisha kupewa majina, mbu na usubi wakiwemo, na karibu wote wana mabawa mawili tu. Mahali pa jozi ya pili pamebaki vijiti viwili vyenye kirungu mwishoni, ambavyo nzi hutumia kujua mwili wake umeinamia upande gani anaporuka. Ukiviona vijiti hivyo kwenye picha ya ubavuni, umeshawaondoa nyuki, nyigu na wengine wote wanaofanana na nzi. Kisha mishipa ya bawa inakupeleka kwenye familia. Bawa ni bapa, halinyauki sana nzi akifa, na mishipa yake haibadiliki kwa chakula wala umri. Hakuna kiungo kinachotii kamera kama hicho.

Nzi wa matunda wa kweli, wale wa familia ya Tephritidae wanaotoboa embe likiwa bado mtini, wana mshipa mwembamba unaoambaa na ukingo wa mbele wa bawa kisha ghafla unakata kona, karibu pembe mraba, kuelekea ukingoni, na kufifia kabla ya kufika. Kona hiyo huonekana hata kwenye picha ya simu yenye lenzi ndogo ya kubana. Vile vijinzi vinavyozunguka ndizi zilizoiva jikoni ni familia nyingine, Drosophilidae. Kwao mshipa wa ukingo wa mbele umekatika mahali pawili, na papasi ina unywele wenye matawi ambao mara nyingi huishia kama panda. Mbung'o naye ana chumba katikati ya bawa chenye umbo la shoka, na hakuna nzi mwingine mwenye shoka hilo. Anapotua hulaza mabawa moja juu ya jingine, na mdomo wake huelekea mbele. Mtu akinitumia picha ya bawa la mbung'o peke yake, lililokatika na kuanguka mtegoni, ninamtajia jenasi bila kusita.

Ukifika kwenye jenasi na spishi, mambo yanaanza kubana, na nzi wa maembe ni mfano mzuri wa kuangalia kwa karibu. Mtazame dorsalis kutoka juu. Kifua ni cheusi au kahawia, na pembeni mwake kuna mistari miwili ya njano inayokwenda sambamba. Kipande cha mwisho cha kifua, chenye umbo la pembetatu, ni cha njano. Tumboni kuna alama nyeusi ya herufi T. Mgeuze akuelekee: usoni kuna madoa mawili meusi, moja chini ya kila papasi. Bawa ni angavu, isipokuwa utepe mwembamba wa kahawia unaofuata ukingo wa mbele hadi nchani. Sasa mweke pembeni mwenyeji wa siku nyingi, Ceratitis cosyra, aliyekuwa akitoboa maembe yetu kabla mgeni hajaja. Huyu ni mdogo zaidi, wa rangi ya manjano, ana madoa meusi kwenye kifua, na bawa lake limechorwa mikanda ya njano na kahawia. Hapa picha moja ya juu inatosha, na mkulima mwenyewe anaweza kujifunza kuwatenganisha kwa asubuhi moja.

Angalia sasa wanaokaribiana. Nzi wa matango na matikiti, Zeugodacus cucurbitae, ana mstari wa tatu wa njano katikati ya kifua. Mwanga wa simu ukipiga hapo na kuakisi, mstari unapotea na jina linapotea nao. Bactrocera zonata, ambaye yuko Misri na ambaye ukaguzi wa mipakani unapaswa kumwogopa, hana utepe kamili kwenye ukingo wa bawa. Ana doa tu nchani. Bactrocera latifrons, aliyegunduliwa Tanzania mwaka 2006, hupenda mboga za jamii ya nyanya na pilipili, na tumboni hana ile T. Chambo cha methili yujinoli, kinachovuta madume wa dorsalis kwa wingi ajabu, hakimvuti. Nao nzi wa jenasi ya Dacus, wenyeji wa Afrika wanaopenda sana maboga na jamaa zake, hufanana na Bactrocera kwa umbo kiasi cha kumchanganya mtu. Kinachowatenga ni vigae vya juu ya tumbo: kwa Dacus vimeungana kuwa kipande kimoja, kwa Bactrocera kila kimoja kinajitegemea. Muungano huo huonekana vizuri ukimtazama ubavuni. Watu wengi hupiga picha kutoka juu tu, kwa hiyo swali la kwanza kabisa, la jenasi, linabaki bila jibu hata picha ikiwa na pikseli milioni ngapi.

Rangi ndiyo inayopotosha zaidi, na kamera inapenda rangi. Sehemu ya ugumu wa kisa cha invadens ilikuwa hapo hapo. Kifua cha nzi wa Afrika kilikutwa na rangi kuanzia nyeusi tititi hadi kahawia ya wekundu, na kati yake michoro ya kila namna. Ukichagua picha mbili za pembezoni mwa mfululizo huo, utaapa ni spishi mbili. Ukiweka picha za mfululizo wote kwa mpangilio, huoni pa kukata. Hapo ndipo ninapowasihi wanaojenga makusanyo ya picha za nzi wetu: picha moja nzuri ya kila spishi ni hatari kuliko kutokuwa na picha, kwa sababu inamfundisha msomaji kwamba spishi ina sura moja. Weka madume na majike, wa bara na wa Pwani, waliokufa mtegoni na walio hai. Nzi aliyetoka kwenye kifuko chake saa chache zilizopita ni mweupe-mweupe na laini. Nzi aliyekaa muda mrefu kwenye spiriti hupoteza njano yake. Drosophila suzukii, adui wa matunda laini kama stroberi, ambaye ripoti ya kupatikana kwake Kenya ilichapishwa mwaka 2021, hutambulika upesi kwa doa jeusi kwenye kila bawa la dume. Lakini dume aliyezaliwa karibuni hana doa bado, na wapo jamaa zake wa Asia wenye doa kama hilo. Jike hana doa kabisa. Mashine yake ni mrija wa kutagia mayai wenye meno ya msumeno, na mrija huo hukaa umefichwa hadi utolewe kwa sindano chini ya hadubini.

Hapa tumefika kwenye viungo ambavyo picha ya kawaida haivifikii. Chukua vijinzi wa jenasi ya Zaprionus, wenye mistari myeupe iliyopakana na mieusi kutoka kichwani hadi mwisho wa kifua. Ni wazuri sana, na asili yao ni Afrika. Mmoja wao, Zaprionus indianus, alionekana Brazil mwaka 1999 akila tini, akaingia Florida mwaka 2005, na ameendelea kusambaa. Ukimtazama kutoka juu hutamtofautisha na Zaprionus tuberculatus. Tofauti iko kwenye paja la mguu wa mbele, upande wa ndani: mmoja ana safu ya miiba midogo, mwingine ana kinundu chenye unywele mmoja mrefu. Nzi akitua, paja hilo linaelekea chini. Watu wanaopiga picha mamia ya mgongo wa Zaprionus wangepata zaidi kwa picha moja ya mguu.

Kisa cha Ceratitis rosa kinaonyesha jambo hilo kwa undani zaidi, na kina mkono wa Tanzania ndani yake. Kwa miaka mingi rosa alihesabiwa kuwa nzi mmoja, ingawa watafiti waliona tabia zisizolingana: wengine walistahimili joto la nyanda za chini, wengine walipenda baridi ya milimani. Utafiti uliofanywa mkoani Morogoro kwa kupanda kutoka bondeni hadi juu uliwaonyesha wakigawana mwinuko. Mwaka 2016 Marc De Meyer wa Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Maxwell Mwatawala wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao waliwatenganisha rasmi, na wa milimani akaitwa Ceratitis quilicii, kwa heshima ya Serge Quilici wa Réunion. Alama ya kuwatenga iko kwenye mguu wa kati wa dume, umbo la muundi na manyoya meusi yaliyojipanga juu yake. Jamaa zao wa karibu, fasciventris na anonae, nao hujulikana kwa manyoya ya mguu huo huo. Hii ina maana kwamba mtu mwenye picha safi ya mguu wa kati wa dume anaweza kusema kitu cha maana, na mtu mwenye picha ya jike, hata iwe safi namna gani, kwa kawaida anapaswa kuishia kusema ni kundi la rosa. Kuishia hapo ni jibu kamili.

Kuna mahali macho yanaishia kabisa. Drosophila melanogaster na Drosophila simulans, ambaye Sturtevant alimtenganisha mwaka 1919, hutofautishwa kwa uhakika kwa kipande kidogo cha viungo vya uzazi vya dume. Majike wao huwatesa hata wataalamu. Mbu ni nzi pia, na kwao hali ni kali zaidi: Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawana alama ya nje inayotegemewa, na kuwatenganisha kumefanywa kwa vinasaba tangu miaka ya 1990. Hakuna kamera itakayolibadilisha hilo. Wala tusikimbilie kudhani kwamba vinasaba humaliza kila ubishi. Kile kipande cha jeni chenye herufi karibu 650, ambacho tangu mwaka 2003 kimependekezwa kuwa kitambulisho cha wanyama wote, hushindwa kuwatenga akina rosa, fasciventris na anonae, ambao mguu wa dume unawatenga. Kila ushahidi una mpaka wake, na mpaka huo hubadilika kutoka jenasi hadi jenasi.

Je, picha inaweza kusimama peke yake bila mwili wa mdudu? Mwaka 2015 Stephen Marshall na Neal Evenhuis walieleza nzi mpya wa Afrika Kusini, Marleyimyia xylocopae, anayejifananisha na nyuki seremala, kwa kutumia picha tu. Hakukuwa na kielelezo kilichohifadhiwa. Mwaka uliofuata karibu wataalamu 500 waliweka majina yao kwenye waraka wa kupinga utaratibu huo. Katika hoja hii nipo upande wa waliopinga, ingawa naelewa kilichowasukuma wale wawili: mdudu alikuwa wa wazi, wa ajabu, na pengine asingeonekana tena. Lakini picha hujibu tu maswali yaliyokuwepo siku ilipopigwa. Mwaka 2005 hakuna aliyejua ni maswali gani yangeulizwa juu ya invadens mwaka 2015. Jina lake liliweza kusahihishwa kwa sababu miili ilikuwepo, na mtu angeweza kuirudia, kuipima upya na kutoa kiungo ambacho mwanzoni hakuna aliyekijali.

Nayo picha ina mambo inayoweza kuyafanya ambayo jicho kwenye hadubini liliyapita kwa karne nzima. Mwaka 2011 Ekaterina Shevtsova na wenzake walionyesha kwamba mabawa membamba ya nzi na nyigu wadogo, yanayoonekana matupu kwenye karatasi nyeupe, hutoa michoro ya rangi yakiwekwa mbele ya giza, na michoro hiyo hutofautiana kati ya spishi. Rangi hizo hutokana na unene wa bawa lenyewe, kama zile zinazotanda kwenye tone la mafuta juu ya dimbwi la maji. Kwa vijinzi vya milimita 2 visivyo na doa wala mstari, ni zawadi kubwa, na gharama yake ni kipande cha kitambaa cheusi. Vilevile watafiti wamefundisha kompyuta kuweka alama za vipimo kwenye picha za mabawa ya mbung'o kutoka Zimbabwe, kazi ambayo mtu angeifanya kwa miaka. Kompyuta inaaminika hapo kwa sababu imepewa kiungo kimoja, kwa mkao mmoja, kutoka kwa nzi ambao jenasi yao inajulikana.

Programu za simu zinazokubali picha yoyote ni suala jingine. Zinatoa jina la spishi pale ambapo ushahidi unafika kwenye familia, na huegemea nchi zilizopiga picha nyingi. Nzi wa Uluguru aliyepigwa picha mara chache atapewa jina la ndugu yake wa Ulaya aliyepigwa mara nyingi. Afisa ugani asikubali jina hilo kabla ya kuuliza: programu imeona kiungo gani?

Kazi yenyewe haihitaji vifaa vya gharama. Nzi aliye hai hutulia akiwekwa kwenye friji dakika chache ndani ya chupa. Ukikuza sana, sehemu iliyo kali ya picha huwa nyembamba, chini ya milimita moja, kwa hiyo piga mfululizo ukisogeza kamera kidogo kidogo, kisha programu ziunganishe sehemu kali za kila picha. Weka rula pembeni. Piga kutoka juu, ubavuni, usoni, bawa lililonyooshwa, miguu ya mbele na ya kati, na ncha ya tumbo. Baada ya hapo mtie nzi kwenye spiriti kali pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa penseli mahali, tarehe na tunda alimotoka. Usimtupe.

Tunda alimotoka lina uzito wa pekee, maana kitu ambacho mkulima huona kwanza ni funza, na picha ya funza ni karibu bure. Funza wa spishi nyingi hufanana, na alama zao ziko kwenye ndoano za mdomo na matundu ya kupumulia, mambo ya hadubini. Njia ya uhakika ni kuchukua tunda lililotobolewa, kuliweka kwenye ndoo yenye mchanga, kufunika kwa chandarua, na kusubiri. Funza watashuka mchangani kujigeuza, na baada ya wiki mbili hivi au tatu nzi wataanza kutoka. Waache siku mbili tatu wakiwa na maji na sukari hadi rangi zikolee na mabawa yakauke, ndipo uwapige picha.